Dodoso, Mahojiano ya Kina au Data Zilizopo? Ulinganisho kwa Anayeandika Tasnifu ya Elimu, Teknolojia au Afya

Wanafunzi wengi wa uzamili hupita salama kwenye mada na usuli, kisha hukwama Sura ya Tatu, ile ya mbinu za utafiti. Mada ipo: utoro wa sekondari, walimu na vishikwambi walivyopewa, au ujumbe wa simu wa kuwakumbusha wagonjwa siku ya kliniki. Msimamizi anauliza data zitapatikanaje, na jibu la haraka ni dodoso, kwa kuwa tasnifu nyingi zilizoko kwenye rafu za maktaba zimetumia dodoso. Mwingine anakimbilia mahojiano kwa sababu anaogopa takwimu. Wa tatu hajui kabisa kwamba data anazozitafuta zimeshakusanywa na mtu mwingine na anaweza kuzipata bila kulipa nauli.

Ninazilinganisha njia hizo tatu kwa ajili ya watu wa elimu, teknolojia na afya, nyanja ambazo siku hizi zinaingiliana sana. Mtoto mwenye minyoo hakosi afya tu, anakosa na masomo. Simu ya mkononi imekuwa msaidizi wa muuguzi. Mwanafunzi wa ualimu anaweza kujikuta anahitaji takwimu za lishe, na muuguzi akahitaji kujua nani anamiliki simu.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. La kwanza ni swali inalolijibu: wangapi, kwa nini, au mambo yamebadilikaje. La pili ni muda na fedha, pamoja na ule muda ambao hauandikwi kwenye jedwali la kazi. La tatu ni vibali na maadili. La nne ni mahali inapokwama, yaani inapoweza kumpotosha mtafiti mwenyewe bila kujua. La tano ni nani inamfaa.

Sitafuti njia iliyo ya kisayansi kuliko nyingine, kwa sababu haipo. Dhana kwamba tarakimu ndiyo sayansi na maneno ya watu ni hadithi tu imewafanya wanafunzi wengi walazimishe dodoso kwenye swali lisilo la dodoso, na matokeo yake ni majedwali ya asilimia yasiyomwambia msomaji kitu.

1. Dodoso

*Swali inalolijibu.* Wangapi, mara ngapi, na je, kundi hili linatofautiana na lile. Mfano mzuri kutoka kwetu ni Uwezo, tathmini iliyoanza mwaka 2009 Kenya, Tanzania na Uganda. Wakati huo mjadala wa elimu ulikuwa juu ya uandikishaji: watoto wangapi wako shuleni. Uwezo ikapeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba wakiwa na majaribio mafupi ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha Darasa la Pili, ili kujua wangapi kati ya watoto hao wanaweza kusoma. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba walienda nyumbani. Wangekwenda shuleni, mtoto aliyeacha shule asingehesabiwa. Mahali unapomkuta mhojiwa ni sehemu ya swali lenyewe.

*Muda na fedha.* Hapa ndipo mahesabu huwa ya matumaini kupita kiasi. Tuseme unahitaji wahojiwa 384 na una wadadisi wanne, kila mmoja akimaliza madodoso manane kwa siku. Hiyo ni siku 12 za kazi tupu, kabla ya safari, mafunzo ya wadadisi, jaribio la dodoso, mvua, msiba kijijini na siku ambayo mwenyekiti wa mtaa hayupo. Zidisha posho na nauli kwa siku hizo kabla hujaandika bajeti.

Kishikwambi au simu kimepunguza kazi kubwa ya kuingiza data. ODK, programu iliyoanzishwa mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ni ya bure, hufanya kazi pasipo mtandao, kisha hutuma majibu ukifika penye mtandao. KoboToolbox imejengwa juu ya msingi huohuo. Wahudumu wa AMPATH, mpango wa huduma za VVU magharibi mwa Kenya, walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitumia ODK kwa wingi, wakipima VVU nyumba kwa nyumba. Sensa ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zilitumia vishikwambi, kwa hiyo siyo vigumu kumpata kijana aliyekwisha kuwa karani wa sensa. Fomu ya kielektroniki pia inakataa makosa: ukiandika kwamba mama wa miaka 23 ana mtoto wa miaka 19, inaweza kupangwa ikuzuie palepale. Karatasi bado ina nafasi yake kwa sampuli ndogo au mahali ambapo kuchaji ni tatizo, ila tenga wiki za kuingiza data na uziingize mara mbili.

*Vibali na maadili.* Nitaeleza kwa urefu hapa kwa sababu mengi yanahusu njia zote. Tanzania, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma kwa kawaida hupewa barua ya utafiti na chuo chake, kisha hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, hadi mtendaji wa kata na mkuu wa shule. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, kutoka kamati ya chuo au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kulingana na aina ya utafiti, na Zanzibar kuna Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Mtafiti mgeni hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kabla yake barua ya kamati ya maadili iliyosajiliwa. Sheria za kulinda taarifa binafsi nazo zipo: Kenya na Uganda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Orodha ya majina na namba za simu uliyoiacha kwenye kompyuta ya stesheneri imekuwa suala la sheria, achilia mbali adabu.

Ukiwahoji watoto, ridhaa ya mzazi ni lazima, na mtoto mwenyewe naye akubali. Barua ya mwalimu mkuu haichukui nafasi ya mzazi.

*Inapokwama.* Ile namba 384 ndiyo inayonisumbua zaidi. Inatoka kwenye jedwali la kukadiria sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, na kanuni ya Yamane ya 1967 inatoa namba ya karibu na hiyo. Zote mbili zinachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa kwa bahati nasibu, peke yake, kutoka kwenye orodha nzima. Mwanafunzi wa elimu hafanyi hivyo: anachagua shule 13 na kuchukua watoto 30 hivi katika kila shule. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja, vitabu vilevile na wazazi wa mtaa mmoja, kwa hiyo wanafanana. Kama mfanano huo, unaopimwa kuanzia 0 hadi 1, ni 0.2, kiasi cha kawaida kwa alama za mitihani, gawanya sampuli yako kwa 1 + (30 − 1) × 0.2, yaani 6.8. Watoto 384 wanakupa uhakika wa watoto 56 tu. Dawa yake ni kuongeza idadi ya shule na kupunguza watoto kwa kila shule. Mweleze msimamizi jambo hili kabla ya kwenda uwandani, kwa kuwa baada ya hapo halina tiba.

Tatizo la pili ni watu kujibu wanachodhani unataka kusikia. Muulize mgonjwa aliye mbele ya muuguzi kama anameza dawa kila siku, atasema ndiyo. Muulize mwalimu, mkuu wake akiwa mlangoni, kama anatumia kishikwambi kufundishia, naye atasema ndiyo. Pale inapowezekana, pima kitu badala ya kuuliza: hesabu vidonge vilivyobaki, angalia daftari la mahudhurio, keti darasani.

Kuna pia dodoso linalotumwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni rahisi na linavutia, lakini hujibiwa na wenye simu janja, wenye bando na wenye kukujua. Kwa utafiti wa wafanyakazi wa benki linaweza kufaa. Kwa utafiti wa matumizi ya teknolojia vijijini, umewaondoa mapema watu ambao ungepaswa kueleza habari zao. Wanaotaka kuhoji kwa mbali watazame Sauti za Wananchi ya shirika la Twaweza, iliyoanza 2013 Tanzania Bara: watu walichaguliwa kwanza nyumbani kwao kwa sampuli halali, wakapewa simu na chaja ya sola, ndipo wakawa wanapigiwa.

*Nani inamfaa.* Mwenye swali la kiasi, mwenye bajeti ya uwandani au eneo dogo analoweza kulifikia mwenyewe, na mwenye msimamizi anayeelewa sampuli.

2. Mahojiano ya kina na majadiliano ya vikundi

*Swali inalolijibu.* Kwa nini, kwa vipi, na watu wanalielewaje jambo lenyewe. Nguvu ya njia hii ilionekana Bagamoyo miaka ya 1990, watafiti walipowahoji akina mama na waganga kuhusu homa za watoto. Hospitali ilikuwa na ugonjwa mmoja, malaria, ambayo ikizidi humletea mtoto mtukutiko wa mwili. Kwa familia nyingi yalikuwa mambo mawili tofauti: homa, ambayo ni ya hospitali, na degedege, ambayo ilihusishwa na mashetani na hivyo ilianzia kwa mganga. Dodoso lenye swali "Mtoto wako aliugua malaria?" lingejibiwa "hapana" na mama aliyetoka kumuuguza mtoto wa malaria kali. Usipojua watu wanavyoyapanga mambo vichwani mwao, hata swali lako la kuhesabu litahesabu kitu kingine.

Kwenye teknolojia ni vivyo hivyo. Dodoso litakuambia walimu wangapi wana kishikwambi. Likija suala kwamba huenda kiko kabatini kwa sababu mwalimu anaogopa kudaiwa kikivunjika, au kimekuwa cha watoto wake nyumbani, au kilikuja bila mtu wa kumwelekeza, utalipata kwa kuketi naye bila haraka.

*Muda na fedha.* Nauli ni ndogo, wadadisi hawahitajiki. Gharama iko mezani. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuinakili kwa maandishi, na zaidi kama watu wanazungumza kwa kupokezana kwenye kikundi. Mahojiano 20 ya saa moja ni kama saa 100 za kunakili tu. Kama tasnifu ni ya Kiingereza na mahojiano ni ya Kiswahili au Kisukuma, ongeza tafsiri. Ushauri wangu: fanya uchambuzi kwenye lugha iliyosemwa, utafsiri nukuu utakazozitumia tu. Utaokoa wiki, na maana nyingi haitapotea. Programu ya NVivo ni ya kulipia, Taguette ni ya bure na inatosha kwa tasnifu ya uzamili.

Anza kunakili siku ileile ya mahojiano. Anayesubiri amalize yote huja kugundua kwamba swali la maana hakuliuliza, na mhojiwa yuko mbali.

*Vibali na maadili.* Njia ya barua ni ileile, lakini siri ni ngumu zaidi. Kwenye dodoso mtu hupotea kati ya mamia. Kwenye mahojiano, ukiandika "mwalimu mkuu wa kike, shule ya sekondari ya kata" na wilaya ina mwalimu mkuu wa kike mmoja, umeshamtaja. Vivyo hivyo kwa mgonjwa mwenye ugonjwa adimu au mtaalamu pekee wa kompyuta katika hospitali ya wilaya. Badilisha au ficha zaidi ya jina. Na kama mada ni nzito, kama ukatili au kupoteza mtoto, panga mapema utampeleka wapi mtu anayeanza kulia mbele yako. Kamati ya maadili itakuuliza, na ina haki ya kukuuliza.

*Inapokwama.* Swali la "mahojiano mangapi yanatosha" halina namba moja. Mwaka 2006 Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mada karibu zote zilikuwa zimeshajitokeza katika 12 ya kwanza. Watu wameligeuza jambo hilo kuwa sheria, lakini wale wanawake walikuwa kundi linalofanana na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya walimu, wazazi, wanafunzi na maofisa elimu, kila kundi lina hesabu yake. Unaacha pale mahojiano mapya yanaporudia yale uliyokwisha kuyasikia, na inakubidi uonyeshe kwenye tasnifu uliona vipi kwamba umefika hapo.

Kikundi cha majadiliano nacho kina siasa zake. Mzee akishasema, vijana watasema "kama alivyosema mzee". Ukiweka wasichana na wavulana pamoja kuzungumzia hedhi na mahudhurio shuleni, utapata ukimya. Tenganisha kwa umri na jinsi, na mambo ya siri yaache kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Muuguzi anayewahoji wagonjwa wake, au mwalimu anayewahoji wanafunzi wake, hatapewa ukweli wote hata akiwa mwema. Ama ahoji kituo kingine, ama amtafute mtu mwingine wa kuhoji, ama akiri wazi kwenye maandishi kwamba nafasi yake iligusa majibu.

*Nani inamfaa.* Mwenye swali ambalo bado halijaeleweka vya kutosha kuwekewa chaguo A hadi D, anayejua kusikiliza, na anayependa kuandika. Anayekuja hapa kwa kukwepa hesabu tu atajuta: uchambuzi wa maandishi ya kurasa 300 unachosha akili kuliko jedwali.

3. Data zilizopo tayari

*Swali inalolijibu.* Mambo yamebadilikaje kwa miaka, na mikoa au makundi yanatofautianaje, kwa upana ambao mwanafunzi hawezi kuufikia kwa fedha yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa Tanzania wa 2022 uliwahoji zaidi ya wanawake 15,000 nchi nzima, na ndani yake kuna maswali ya elimu, chanjo, lishe, umiliki wa simu na matumizi ya intaneti. Tasnifu inayounganisha elimu ya mama, simu na mahudhurio ya kliniki inaweza kukaa yote humo.

Kwingineko, utafiti wa kaya wa kufuatilia watu walewale uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuanzia 2008/09 unapatikana kwenye hifadhi ya data ya Benki ya Dunia. Afrobarometer, utafiti wa maoni ya wananchi, inatoa data zake bure kwa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi. Kwa fedha za simu kuna FinScope kwa Tanzania na FinAccess kwa Kenya. NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, huweka matokeo ya mitihani kwa kila shule, na ingawa Januari 2023 iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora, matokeo yenyewe bado yapo kwa anayetaka kuyachambua: kwa mfano, kuona nini kilitokea baada ya ada ya sekondari za umma kuondolewa mwaka 2016. Na vituo vya afya vya Tanzania vina MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambayo takwimu zake huingizwa kwenye DHIS2, mfumo uliojengwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

*Muda na fedha.* Hakuna uwanda, hakuna posho. Kinachotakiwa ni kompyuta, intaneti na wiki kadhaa za kulisoma faili. Faili la utafiti mkubwa lina mamia ya safu zenye majina ya mafumbo, na bila kitabu chake cha maelezo hutaambulia kitu. Jifunze pia kutumia uzito wa sampuli, kwa sababu mikoa midogo huchukuliwa watu wengi kuliko haki yake ili ionekane, na ukipuuza uzito asilimia zako zitakuwa za nchi isiyokuwepo. Programu ya takwimu ya R ni ya bure. Stata na SPSS ni za kulipia, ingawa vyuo vingi vina leseni. Kwa anayeanza kutoka sifuri, miezi miwili ya kujifunza ni makadirio ya haki.

*Vibali na maadili.* Data za wazi zilizofichwa majina huombwa kwa kujisajili na kueleza mada. Bado kipe taarifa chuo chako, kamati nyingi hutoa barua ya msamaha wa kibali. MTUHA huombwa wizarani au halmashauri. Mafaili ya wagonjwa hospitalini ni jambo jingine kabisa: hata kama hutazungumza na mtu yeyote, ni siri za watu, na kibali cha maadili ni kilekile cha kuhoji.

Ombi liende mapema. Mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha fedha za USAID, mpango wa kimataifa uliokuwa ukigharamia tafiti za aina ya ule wa 2022 ulisimama, na watafiti wa nchi nyingi wakabaki njiapanda. Ukishapewa faili, lihifadhi pamoja na kitabu chake cha maelezo.

*Inapokwama.* Maswali siyo yako. Ulitaka kujua kama mama alisoma ujumbe wa kliniki kwenye simu, faili linakuambia tu kama ana simu. Wengi hulazimisha kitu kimoja kiwe kipimo cha kingine, na mtahini mzuri ataligundua hilo.

Kisha kila data ina mlango wake wa kuingilia. MTUHA inahesabu waliofika kituoni, aliyejifungulia nyumbani hayumo. NECTA inahesabu waliokalia mtihani, na shule iliyowaacha dhaifu njiani itaonekana imefaulisha. Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, zinahesabu laini za simu, na mtu mmoja anaweza kuwa na laini tatu. Hata takwimu za kitaifa zinahitaji macho: vifo vitokanavyo na uzazi Tanzania viliripotiwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Ni habari njema, na ninaifurahia. Lakini kabla hujaandika sentensi moja kuhusu kushuka huko, soma sura ya mbinu ya ripoti zote mbili: takwimu hizo hutokana na kuwauliza watu habari za dada zao, hugusa miaka kadhaa nyuma ya utafiti, na huja na kipimo kipana cha kutokuwa na hakika.

Faida moja haitajwi vya kutosha: kazi ya data zilizopo inaweza kurudiwa na mtu mwingine. Utafiti maarufu wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya, uliochapishwa na Edward Miguel na Michael Kremer mwaka 2004, ulichambuliwa upya na watafiti wa London mwaka 2015. Walikuta makosa kwenye baadhi ya mahesabu, na mjadala mkali ukafuata juu ya ni matokeo gani yanasimama. Uliwezekana kwa sababu waandishi wenyewe walitoa data zao. Mwanafunzi wa Maseno au Mzumbe anaweza kufanya kazi ya aina hiyo, na ni mchango halali wa kitaaluma.

*Nani inamfaa.* Asiye na fedha za uwandani, aliyeajiriwa na hapati likizo, mama mwenye mtoto mchanga, na yeyote anayevutiwa na takwimu. Haimfai anayechunguza jambo jipya sana ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Vipi kuhusu jaribio, na kuchanganya?

Swali la "je, mpango huu unafanya kazi?" linahitaji jaribio lenye kundi la kulinganisha. Kenya ina mfano wa kujivunia: WelTel, uliochapishwa 2010. Wagonjwa 538 walioanza dawa za VVU waligawanywa kwa bahati nasibu, na nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa "Mambo?", wao wakijibu "Sawa" au "Shida", na mwenye shida akapigiwa na muuguzi. Baada ya mwaka, waliotumiwa ujumbe na kuripoti kumeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wengine, na kipimo cha wingi wa virusi nacho kilionyesha tofauti. Tanzania ina KiuFunza ya Twaweza, katika shule za msingi 350 za wilaya 10: fedha za ruzuku peke yake hazikuinua ujifunzaji, ila zilipounganishwa na bonasi kwa walimu, matokeo yalipanda.

Majaribio hayo yalikuwa na timu, wafadhili na miaka. Mwanafunzi wa uzamili asianzishe jaribio lake peke yake, bali ajiunge na mradi uliopo na kuomba sehemu ndogo aichambue.

Kuchanganya njia mbili ni vizuri kama moja inaisaidia nyingine: mahojiano manane ya kukusaidia kutunga dodoso, au data za NECTA za kukuonyesha shule mbili zilizo tofauti sana, kisha ukaenda kuzihoji. Kuweka zote tatu ili andiko lionekane zito kutakuchosha na kila moja itatoka nusunusu.

Chagua kwa hali yako

Kama una miezi minne na huna mfadhili, anza na data zilizopo. Tumia wiki mbili kutafuta faili kabla ya kutunga swali la mwisho, na swali lifuate kilichomo.

Kama unaishi na kufanya kazi kwenye shule au zahanati ndani ya wilaya unayoichunguza, na swali lako ni la "kwa nini", una kitu ambacho mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hana: watu wanakuamini. Fanya mahojiano, lakini kituo cha jirani, siyo chako.

Kama halmashauri au shirika limekuomba takwimu za kupangia bajeti, litahitaji dodoso lenye sampuli nzuri, na lichangie gharama. Usikubali 384 bila kuuliza idadi ya shule au vijiji.

Kama unachunguza teknolojia mpya, kama akili unde kwenye kazi za nyumbani za wanafunzi, takwimu za zamani hazitakusaidia na dodoso litauliza maswali ya kubahatisha. Hoji kwanza. Mwanafunzi wa uzamivu ana nafasi ya kufuatisha dodoso mwaka wa pili, wa uzamili aishie kwenye mahojiano.

Kama mada yako inagusa wagonjwa na kibali cha maadili hakijatoka, usikae bure. Chambua data za wazi kuhusu ugonjwa huo huku ukisubiri: kibali kikija una sura nzima mkononi, kikichelewa mno una mada mbadala ambayo msimamizi ameshaiona.

Na kama msimamizi anang'ang'ania njia moja, mwandikie ukurasa mmoja: swali lako, njia mbili, vigezo hivi vitano, na siku na shilingi kwa kila njia. Mpelekee kabla ya kikao, siyo ndani ya kikao.